Kosa liko mstari wa 42, unafika mstari wa 42 hakuna kitu: edita inajuaje kosa limehamia wapi?

Kwenye magrupu ya watu wanaojifunza kuandika programu haipiti muda mrefu bila swali hili kurudi, linaandikwa kwa namna tofauti lakini ni lile lile: "Jamani imeniambia kosa lipo mstari wa 42, nimeenda mstari wa 42 hauna shida yoyote, hii kompyuta ina nini?" Majibu yanaanza kumiminika, mmoja anasema zima uwashe, mwingine anasema edita yako ya zamani tafuta nyingine, mwingine anasema futa huo mstari uandike upya, na aliyeuliza anaenda kweli kufuta mstari mzima usiokuwa na kosa lolote. Hilo la mwisho ndio linaniuma.

Linaniuma kwa sababu nimeshaliona kwa macho. Jioni moja nilikaa na binti aliyekuwa anajifunza, alikuwa na makosa kumi na moja na alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari kwa kalamu, namba za mistari zimepangwa vizuri moja chini ya nyingine. Kosa la kwanza mstari wa 6, akalirekebisha sawasawa kabisa, ilibidi aongeze mistari miwili iliyokuwa inakosekana. La pili kwenye daftari lilikuwa mstari wa 14. Akaenda wa 14, akakuta mabano ya kufunga yamekaa peke yake, akayaangalia, akayafuta. Yale mabano yalikuwa mazima, kosa lenyewe lilikuwa limeshashuka mpaka mstari wa 16 tangu alipoongeza ile mistari miwili kule juu. Alipofika kosa la nne alikuwa anampa dawa mtu asiyeumwa. Alivyorudisha kazi kukaguliwa zikatoka namba ishirini na tatu badala ya kumi na moja, akafunga kompyuta akanyamaza. Nikamwambia wewe hujakosea, daftari lako ndio limepitwa na wakati.

Basi nataka tulifungue hili jambo taratibu, manake ukilielewa hutolaumu tena mashine na hutojilaumu bure.

Kwanza maneno. Nikisema kodi hapa namaanisha maandishi ya programu, sio kodi ya nyumba wala ya serikali. Edita ni ile programu unayoandikia hiyo kodi, kama VS Code, Vim, Emacs, hata Notepad ni edita ingawa haina akili ya kodi. Mkaguzi ni programu nyingine kabisa inayosoma kodi yako na kusema hapa kuna kosa, inaweza ikawa kompaila, yani ile inayogeuza kodi yako iwe kitu kompyuta inachoweza kuendesha, inaweza ikawa kitu kinachokaa nyuma ya edita kimya kimya. Na eneo la kosa ni anwani tu: faili gani, mstari wa ngapi, herufi ya ngapi kwenye huo mstari. Hawa wawili, edita na mkaguzi, ni watu wawili tofauti, likumbuke hili manake mkanganyiko mwingi unatokea pale watu wanapodhani ni mtu mmoja.

Ndoo bombani

Fikiria foleni ya maji asubuhi, ndoo zimepangwa mpaka barabarani. Umeweka ya kwako, ya njano, ukahesabu ukaona ni ya saba, ukaondoka kwenda kuandaa watoto wa shule. Ukirudi baada ya nusu saa ukaanza kuhesabu moja, mbili, tatu mpaka saba ukanyanyua ndoo, utagombana na watu, manake wa mbele wameshachota wakaondoka, kuna mama mjamzito amepishwa akaingia kati, kuna mtu kachoka kusubiri kabeba dumu lake kaenda. Ndoo yako bado iko nyuma ya ile ya bluu yenye mfuniko, haijapotea, kilichobadilika ni namba yake tu.

Namba ya mstari ni ile hesabu ya saba. Ilikuwa kweli pale ulipohesabu na baada ya hapo haina dhamana yoyote. Edita nzuri haishiki namba, inaweka ndoo, yani inaweka alama ndani ya maandishi yenyewe, alama ambayo huioni, na maandishi yakisogea alama inasogea nayo. Ukiuliza kosa liko wapi ndio inaenda kuangalia alama imekaa wapi sasa hivi, inakupa namba mpya.

Kazi yenyewe ni hesabu ya darasa la pili kabisa. Chukua faili lenye makosa matatu, mstari wa 12, wa 40 na wa 77. Unaongeza mistari mitatu mipya baada ya mstari wa 20. Edita inajiuliza kwa kila alama, wewe uko juu ya pale palipoongezwa au chini? La 12 liko juu, halisogei. La 40 linakuwa 43, la 77 linakuwa 80. Alafu unafuta mistari kumi, kuanzia wa 50 mpaka wa 59. La 12 na la 43 yako juu, yanabaki, la 80 linapanda linakuwa 70. Hakuna aliyekagua kodi upya hapo, hakuna aliyesoma hata neno moja, ni kujumlisha na kutoa tu na ndio maana inatokea papo hapo unavyoandika.

Sasa ukifuta mistari ya 41 mpaka 45, na alama yetu ilikuwa 43, hapo ndoo yenyewe imebebwa. Edita tofauti zinaamua tofauti, nyingine inaiacha alama pale palipokatwa, yani mstari wa 41, nyingine inasema hili kosa limefutwa inalitoa kwenye orodha. Mimi napenda ile ya kulitoa, manake kukuelekeza mahali ambapo kitu hakipo tena ni kukupotezea muda, ila naelewa wanaoiacha, unaweza ukabadilisha mawazo ukarudisha ulichofuta.

Kuna ugumu mwingine mdogo ambao huwa hausemwi. Tuseme neno "jumla" kwenye kodi yako limepigiwa ule mstari mwekundu wa kujikunja unaoonyesha kosa, wewe unaweka herufi moja mwisho kabisa wa neno, pale mpakani. Je hiyo herufi iko ndani ya alama au nje? Ni kama mtu anakuja foleni anasimama sawasawa ubavuni kwako, mbele yako au nyuma yako? Haina jibu moja, ndio maana Neovim, edita iliyotokana na Vim, inamwacha mtengenezaji achague alama ivutwe kushoto au kulia, na VS Code nayo ina mpangilio wake wa alama inanata upande gani. Ukiona wekundu unarefuka kadiri unavyoandika au unagoma kurefuka, ni hapo tu, mtu alichagua.

Mkaguzi anaongelea jana

Kuna imani kwamba edita inakagua faili lote kila ukibonyeza herufi. Sio hivyo. Edita inahamisha alama tu, mkaguzi ndio anajua kama kosa bado lipo, na mkaguzi ni mzito, faili kubwa linaweza kumchukua sekunde kadhaa. Kwa hiyo wengi wanasubiri mpaka utulie kidogo ndio waanze kukagua. Ndio maana unarekebisha kosa, una uhakika umerekebisha, na ule wekundu bado unakukodolea macho sekunde moja au mbili alafu unapotea wenyewe. Wengine wanadhani hawajarekebisha vizuri wanaanza kubadilisha tena kitu ambacho tayari kimekaa sawa. Subiri. Hakuna aliyemwambia edita kwamba kosa limeisha, anasubiri taarifa.

Na taarifa yenyewe inakuja imechelewa. Mwaka 2016 Microsoft wakishirikiana na Red Hat na Codenvy walitangaza utaratibu mmoja wa mawasiliano kati ya edita na wakaguzi, watu wanauita kwa kifupi LSP, ili mkaguzi mmoja wa lugha ya Python, kwa mfano, aweze kufanya kazi na edita yoyote badala ya kila edita kutengenezewa mkaguzi wake. Ni kazi nzuri sana, mimi naona imewasaidia zaidi watu wenye edita ndogo ndogo. Lakini angalia kinachotokea: unaandika, edita inamtumia mkaguzi mabadiliko, tuseme hili ni toleo la 7 la faili lako. Mkaguzi anaanza kusoma. Wewe hujasimama, umeshabonyeza enta mara mbili kule juu ya faili, uko toleo la 9. Mkaguzi anamaliza anasema "kosa mstari wa 30". Wa 30 wa toleo gani? La 7. Kwenye skrini yako hiyo ni 32.

Ni kama mtu akutumie meseji "nimesimama nyuma ya daladala ya bluu" alafu mtandao ukasumbua, meseji ikakufikia daladala imeshaondoka. Meseji sio ya uongo, ila imechelewa. Dawa yake ni kuandika saa kwenye meseji, na ndivyo LSP inavyofanya, kila toleo la faili lina namba, na mkaguzi akirudisha makosa anaweza kuambatanisha namba ya toleo alilolisoma. Neno ni anaweza, sio lazima, na hapo ndio zinatofautiana. Edita iliyopewa namba ya toleo ina njia mbili, ama inatupa hayo majibu inasubiri mengine, ama inachukua yale mabadiliko yaliyotokea kati ya toleo la 7 na la 9 inayapitisha kwenye majibu, 30 inakuwa 32. Isiyopewa namba ya toleo inapaka wekundu mstari wa 30 kama ilivyoambiwa, unaona mstari mzima usio na hatia umewekewa alama kwa sekunde moja alafu inaruka kwenda pengine. Ukiona wekundu unarukaruka unapoandika haraka, ni hilo.

Waliotutangulia walifanyaje

Hili tatizo ni la zamani kuliko wengi wetu. Kwenye BSD, mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Unix, ya mwaka 1980 kulikuwa na programu inaitwa error, kazi yake inanifurahisha mpaka leo: inachukua orodha ya makosa kutoka kwa kompaila alafu inaenda kuyaandika ndani ya faili lako lenyewe, kama maoni, mstari mmoja juu ya pale penye kosa, yakianza na alama tatu za ### na kuishia na %%%. Yani kosa limebandikwa kwenye maandishi. Ongeza mistari elfu juu, kosa linashuka pamoja na mstari wake, manake na lenyewe sasa ni mstari. Shida yake ni kwamba inaligusa faili lako, ukimaliza lazima uyasafishe.

Na kuna dada yake, programu ya diff, inayolinganisha mafaili mawili. Ukiiomba kwa diff -e inakutolea maelekezo ya kubadilisha faili la kwanza liwe kama la pili, na maelekezo hayo yanatoka kwa kurudi nyuma, mabadiliko ya chini kabisa ya faili ndio yanakuja kwanza. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni kasoro. Kumbe ukianza chini, unachobadilisha hakigusi namba za juu yake. Ukibadilisha mstari wa 77 kwanza, wa 40 unabaki wa 40. Kumbuka yule binti na daftari lake, angeanza kosa la kumi na moja akapanda kwenda la kwanza, namba zake zote zingebaki sahihi mpaka mwisho.

Emacs ikaja na njia ya ndoo, alama zinazosogea na maandishi ni kitu cha msingi kabisa ndani yake, na ukikagua kodi ukiwa humo humo unaruka kutoka kosa hadi kosa na unafika panapotakiwa hata kama umeshabadilisha vitu njiani. Vim nayo ina orodha yake ya makosa inaitwa quickfix, wazo wamesema wenyewe walilitoa kwenye kompaila ya Manx ya kompyuta za Amiga, na ndani yake wanatumia alama zilizofichwa vile vile. Kinachonipendeza kwa Vim ni ukweli wake, alama ikipotea kwa sababu fulani inakuonya kwamba mstari umebadilika na huenda pale ulipopelekwa sio penyewe. Afadhali mtu anayekwambia sina hakika kuliko anayekupoteza kwa kujiamini.

Na kwa kuwa nimeitaja Vim, kuna jambo watu wengi wa huku wanaliona kila siku hawaulizi. Ukiifungua bila faili, kwa miaka mingi skrini ya kwanza imekuwa ikiomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Sio tangazo lililoingia kimakosa. Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar wa Uholanzi, mwaka 1994 alijitolea kama mhandisi wa maji na usafi kwenye kituo cha watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, upande wa kukaribia mpaka wa Tanzania, na akaifanya programu yake iwe ya bure kwa ombi kwamba ukifaidika nayo uchangie watoto wale. Alifariki Agosti 2023. Mimi nikiwafundisha vijana Vim huwa naanza na hilo.

Alama inafuata pale ilipowekwa, hata kama iliwekwa pabaya

Hapa ndio penye fundo, naomba uwe na subira kidogo. Tumesema alama inasogea vizuri na maandishi. Lakini nani alisema alama iliwekwa pale penye kosa? Angalia hii kodi ya Python ya duka:

1  bei = {"unga": 2000,
2         "sukari": 3000,
3         "chumvi": 500,
4  jumla = 0

Kosa unaliona, mabano hayakufungwa baada ya chumvi. Sasa Python za kabla ya 3.10 zingekwambia kosa liko mstari wa 4, kwenye ile alama ya sawasawa. Mstari wa 4 hauna tatizo lolote, kila mtu anaweza kuandika jumla = 0. Python 3.10, iliyotoka 2021, ikarekebisha, yenyewe inakwambia mstari wa 1, pale mabano yalipofunguliwa, kwamba haya hayajafungwa. Na wewe unapokwenda kurekebisha unaandika mabano mwisho wa mstari wa 3 au unaongeza mstari mpya chini yake. Kosa moja, namba tatu, na hakuna aliyedanganya.

Sababu ni kwamba mkaguzi anasoma kama mtu anayetembea gizani na tochi. Baada ya chumvi na mkato anategemea bidhaa nyingine ije, mpaka hapo kila kitu kiko sawa, anakutana na jumla anadhani ndio bidhaa, anasubiri nukta mbili, inakuja alama ya sawasawa. Hapo ndio anajikwaa, na anachokuripotia ni pale alipojikwaa. Ukikatikiwa na ndala barabarani ukaja kuanguka mbele ya msikiti, watu watasema umeanguka msikitini, lakini ndala ilikatika kule nyuma. Kwenye lugha ya C ni hivyo hivyo, umesahau nukta mkato mstari wa 9 na baadhi ya kompaila, hasa za zamani, zinakupeleka wa 10.

Kwa hiyo mtu akikwambia "edita imekosea namba" muulize kwanza ni kosa la aina gani. Kama kati ya kukagua na kuangalia uligusa faili, hilo ni la ndoo, namba imezeeka. Kama hujagusa kitu kabisa na bado mstari unaoonyeshwa ni mzima, hilo ni la ndala, angalia mistari ya juu yake, anza na ule uliotangulia, mara nyingi ni mabano, nukuu au mkato. Haya mawili yanachanganywa kila siku na dawa zake ni tofauti kabisa.

Na hapo hapo utaona kwa nini ushauri wa mtandaoni unagongana. Mmoja anakwambia rekebisha kosa la kwanza kwanza, manake makosa mengi ya chini ni watoto wa lile la juu, mabano moja yasiyofungwa yanaweza kuzaa makosa ishirini. Mwingine anakwambia anza chini ili namba zisihame. Wote wako sahihi. Kama edita yako inafuata alama, au una uwezo wa kukagua upya kila baada ya rekebisho moja, anza juu, usibishane. Kama orodha yako iko kwenye karatasi, kwenye picha ya skrini uliyotumiwa au kwenye meseji, na makosa hayahusiani, anza chini upande juu. Yule binti angeweza pia kurekebisha moja tu na kukagua tena, kumi na moja pengine yangeshuka mpaka matano kwa mpigo.

Kidogo kuhusu herufi

Mstari ukiwa sahihi bado unaweza ukakosa herufi. LSP inahesabu mistari kuanzia sifuri, wa 42 kwenye skrini yako kwao ni 41, mtengenezaji akisahau kuongeza moja kila kosa linapanda mstari mmoja. Na herufi inahesabu kwa mtindo ambao emoji nyingi zinahesabiwa kama nafasi mbili. Andika salamu = "Karibu 😀" + jinna, ukikosea kuandika jina, mkaguzi anayehesabu emoji kama moja na edita inayohesabu kama mbili watapishana, wekundu utaanza herufi moja kabla ya neno lenyewe. Toka toleo la 3.17 la LSP edita na mkaguzi wanaweza kukubaliana mapema watahesabu vipi. Ukiona wekundu umekaa pembeni ya neno kwenye mistari yenye emoji tu, umeshajua.

Alama inapokufa

Alama hizi zinaishi kwenye kumbukumbu ya edita. Ukifunga edita zinakufa zote, kilichobaki kwenye diski ni maandishi matupu. Na zinaweza kufa hata edita ikiwa wazi, pale faili linapobadilishwa na mtu mwingine nyuma ya mgongo wake, umehamia tawi lingine la git, ile programu inayotunza matoleo ya kodi yako, au umeendesha programu ya kupanga kodi ambayo inachukua faili zima inalifuta na kuliandika upya. Edita haikukuona ukiandika mstari kwa mstari, imeona foleni yote imeondolewa na nyingine imepangwa. Programu nzuri za kupanga kodi zinatuma mabadiliko madogo madogo, hapa ongeza nafasi, pale toa mstari, na nyingine zikituma faili zima kuna edita zinazolinganisha la zamani na jipya zenyewe ili zijue nini hasa kimebadilika. Yako ikipoteza alama kila ukisevu, angalia hapo kwanza.

Ambako hakuna alama kabisa inabidi kutambua mahali kwa majirani zake. Programu ya patch aliyoitoa Larry Wall mwaka 1985 ndio inafanya hivyo, ikitumiwa mabadiliko inapewa na mistari michache ya juu na ya chini yake, kwa kawaida mitatu mitatu. Ikienda mstari wa 42 isiikute ile mistari, haikati tamaa, inatafuta juu na chini mpaka iwaone wale majirani, alafu inakwambia nimefanikiwa lakini kwenye mstari wa 45, nimesogea mitatu. Ndio ile "nyumba yetu ipo kati ya duka la mpemba na mwembe", hata wakijenga nyumba kumi juu ya mtaa bado utafika.

Na kuna hali moja ambayo edita yoyote duniani haiwezi kukusaidia, nayo ni ya kila siku kwa watu wenye programu zinazotumika. Mteja anakutumia ripoti, programu imekufa, duka.py mstari wa 88. Unafungua faili lako, mstari wa 88 ni maoni. Mteja anatumia toleo la mwezi uliopita na wewe umeshaandika mistari mia mbili juu yake tangu hapo. Usianze kubahatisha karibu na 88. Muulize toleo gani, kama ni 1.4 na ulilipa jina kwenye git andika git show v1.4:duka.py, utapata faili kama lilivyokuwa siku ile, hesabu mpaka 88, kopi ule mstari pamoja na wa juu na wa chini yake, alafu rudi kwenye faili la leo uutafute kwa maneno yake, sio kwa namba. Usipouona kabisa, angalia kwenye historia ni nani aliutoa na lini, huenda kosa la mteja mlishalifuta wiki mbili zilizopita na anachohitaji ni apdeti tu.